Ukungu ukutani na kikohozi cha mtoto: nianzie wapi?

Mama wa Kigamboni:
Habari zenu ndugu. Tumepanga nyumba ya vyumba viwili huku Kigamboni, si mbali na bahari, na tangu masika yaanze ukuta wa chumba wanacholala watoto umejaa madoa meusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa magoti. Nimeufuta kwa jiki mara tatu, na mume wangu akapaka rangi mpya juu yake, lakini baada ya wiki chache madoa yamerudi. Kinachoninyima usingizi ni mwanangu wa miaka mitatu, ambaye hukohoa usiku, hasa kuelekea alfajiri, ilhali akiwa kwa bibi yake Dodoma kikohozi hicho humwisha kabisa. Je, inawezekana ukungu ndio unaomdhuru?

Muuguzi wa watoto:
Pole sana dada. Inawezekana, na hilo la Dodoma mweleze daktari kama ulivyotueleza sisi, kwa kuwa kikohozi cha usiku kinachotulia mtoto anapobadilisha mahali pa kulala huweza kuwa dalili ya pumu au mzio. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 ulieleza kuwa wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na ukungu hupata zaidi matatizo ya kupumua, ikiwemo pumu. Hata hivyo, usiutwike ukungu lawama yote kabla mtoto hajapimwa, maana kikohozi kilichozidi wiki mbili kinapaswa kuchunguzwa kifua kikuu pia, na moshi wa mkaa au wa dawa ya mbu ya kuchoma nao humkoholesha mtoto. Ukimhesabia pumzi akiwa ametulia ukapata 40 au zaidi kwa dakika, au ukaona chini ya mbavu panabonyea kila avutapo hewa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Unaposafisha, watoto wasiwepo, na jiki usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo, kwani hutoa gesi yenye sumu.

Fundi mwashi:
Mama, madoa yanayoanzia sakafuni na kukomea magotini kwa kawaida hutokana na maji yanayopanda kutoka ardhini, wala si paa linalovuja. Nimekuta nyumba nyingi za pwani zilizojengwa bila kuweka nailoni nzito kati ya msingi na ukuta, na nyingine matofali yake yalifyatuliwa kwa mchanga wa baharini, ambao chumvi yake huendelea kuvuta unyevu. Kama mnaona pia unga mweupe, unyunyizieni maji. Ukiyeyuka, hiyo ni chumvi, si ukungu. Rangi mpya haisaidii, kwa sababu hufungia maji ndani kisha hubanduka. Zungukeni nje ya ukuta huo mtazame kama kuna kifusi kilichopanda kuliko sakafu, au maji ya bafuni yasiyo na mtaro. Hayo yakishaondolewa, lipu iliyooza ibanduliwe, ukuta uachwe ukauke vizuri, ndipo ipigwe lipu mpya, na kwa maoni yangu gharama hiyo ni ya mwenye nyumba. Tafadhali msiingize jiko la mkaa chumbani ili kukausha ukuta, kwani hewa yake huua watu wakiwa usingizini.

Mama wa Kigamboni:
Nawashukuru sana. Nimezunguka nje jioni hii, nami nimekuta kifusi cha ujenzi kimeegemea ukuta ule ule na maji ya bafuni yanamwagikia hapo hapo. Leo watoto watalala sebuleni, na kesho asubuhi nampeleka mdogo kliniki. Naomba kuuliza jambo moja tu: godoro lao la sponji lina madoa upande ulioelekea ukutani, je, nikilianika juani litatosha?

Muuguzi wa watoto:
Halitatosha, dada. Jua litalikausha, lakini ukungu uliokwisha kuingia ndani ya sponji hautoki kwa kuanikwa wala kwa kufuliwa. Ni hasara, najua, ila usimlaze tena juu yake; heri mkeka safi mpaka mpate jingine.