Tunaandikiana na darasa la Japani: tuwaonyeshe nini cha kwetu?

Mwalimu_Seme

Habari zenu, walimu wenzangu. Nafundisha Gredi ya 5 katika shule ya umma huku Seme, Kaunti ya Kisumu, mwendo mfupi wa boda kutoka jiwe kubwa la Kit Mikayi. Tangu Mei darasa langu linaandikiana na watoto wa rika lao huko Japani. Tulikutana kupitia iEARN, ule mtandao wa shule ulioanza 1988 kwa kuunganisha wanafunzi wa Moscow na wa jimbo la New York. Kuna jambo linanikera moyoni na nataka ushauri wenu.

Mwanzoni tuliombwa video ya kujitambulisha. Nikaazima sketi za katani kutoka shule jirani inayoshiriki tamasha za muziki, watoto wakacheza, nikawarekodi kwa simu yangu. Wajapani wakajibu kwamba tunapendeza sana. Basi, hapo mazungumzo yakazimika. Hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Wiki mbili baadaye nikatuma michoro ya watoto. Kijana mmoja alikuwa amechora dala lao, yaani boma la Kijaluo: lango, nyumba ya mama katikati, ghala, mti wa mwembe, na nyumba ndogo peke yake karibu na lango. Maswali yakaja kumi na mawili kwa siku moja! Msichana mmoja wa huko aliuliza, "Nani analala kwenye nyumba ndogo, na haogopi usiku?" Darasa zima likapiga kelele, "Ni simba ya kaka yake!" Si mnyama; simba ni nyumba ndogo ya kijana wa kiume katika dala. Nikawauliza kwa nini kaka halali ndani na mama. Kimya. Wanaipita simba kila asubuhi wakija shuleni, na hawajui ilijengwa pale kwa nini. Nami nilijua nusu tu.

Sasa naomba mnisaidie. Nawezaje kuelekeza kazi yetu yote kwenye mambo kama haya, bila kuwafanya watoto waone haya kwa nyumba zao? Nina watoto wanaoishi chumba kimoja cha kupanga hapo sokoni, hawana dala la kuchora. Na pili, mtandao. Vishikwambi vya shule betri zimechoka, bando nanunua mwenyewe, na stima ikipotea tunakaa siku mbili.

Mama_Shinyalu

Mwalimu, pole na hongera. Nimestaafu sasa, lakini nilifanya kazi hii miaka sita hapa Kakamega, darasa langu na madarasa ya nchi tatu tofauti.

La mtandao ni jepesi kuliko unavyofikiri. Usitegemee kuonana uso kwa uso. Watoto waandike barua kwa mkono, upige picha, uzitume jioni ukiwa mahali penye mtandao. Wenzenu watajibu kwa wakati wao. Mkitaka kuonana mara moja moja, fanyeni saa mbili asubuhi, maana huko itakuwa saa nane mchana na bado wako darasani. Halafu angalia kalenda. Mwaka wao wa shule unaanza Aprili na kuisha Machi. Wako wakipanda Gredi ya 6 Januari, wale wa huko bado wako darasa lile lile, kisha Aprili wanahama wao. Mimi nilipoteza darasa zuri namna hiyo, mwalimu mwenzangu akapewa watoto wengine na uzi ukakatika. Msimu wenu mzuri ni muhula wa pili, kabla ya wao kufunga mwishoni mwa Julai.

Lakini ngoma usiitupe, mwanangu. Sisi Isukuti, ngoma yetu ya huku Kakamega, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na sababu ya kuhitaji ulinzi si kwamba watu hawajui kuicheza jukwaani. Ngoma ni tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, na zinalia mtoto akizaliwa, harusini, matangani, hata kwenye mechi za Ingwe, timu ya AFC Leopards. Mtoto akimweleza mwenzake, "Hii ilipigwa siku tuliyomzika babu, na mimi nilikuwa pale," atapata maswali. Video yako ilikosa siku na ilikosa mtu.

Baba_Wawili_Nakuru

Naongea kama mzazi. Binti yangu alishiriki mradi kama huu, na picha yake akiwa mlangoni kwetu ilisambazwa mahali ambapo sikuwahi kuruhusu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto. Andika barua, wazazi watie sahihi kabla ya picha yoyote. Michoro ni salama zaidi, endelea nayo.

Na kuhusu watoto wa sokoni: wao pia wana kwao. Mtoto anayeishi ploti, yaani kwenye vyumba vya kupanga vyenye geti moja, anajua nani anafagia choo Jumatatu, nani ana ufunguo wa geti, maji ya mtungi yanauzwaje. Kwangu mimi huo ni utamaduni kama dala lolote. Usiwaambie wachore nyumba ya nyanya yao kijijini ili wafanane na wengine.

Mwalimu_Seme

Asanteni sana. Baba, hilo la ploti limenigusa, nimelifanya Jumatatu. Barua za idhini zimeshatoka, na zimerudi zote isipokuwa nne.

Mama, niliwatuma watoto kwa nyanya zao. Wamerudi na majibu yaliyojaa daftari. Nyanya mmoja alisema nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazama lango ili amwone kila anayeingia. Mvulana akibalehe halali tena chini ya paa moja na mama yake, na simba inajengwa kando ya lango kwa sababu yeye ni wa kutoka, siku moja atakwenda kuanzisha dala lake. Msichana mmoja akashtuka katikati ya kusoma: "Mwalimu, kumbe Kit Mikayi ni jiwe la mke wa kwanza!" Amezaliwa chini ya jiwe lile na jina hilo analitaja kila siku.

Msichana wa ploti alichora geti na mstari wa milango minane, kila mlango na jina la mama anayeishi pale. Ndio mchoro ulioulizwa zaidi.

Jana wamejibu. Wamechora mlango wa nyumba zao, sehemu ya chini kidogo wanayoiita genkan, ambapo kila mtu anavua viatu kabla ya kupanda ndani. Mvulana mmoja amechora viatu vya mgeni vimegeuzwa, vinatazama nje. Darasa langu limebishana mapumziko yote. Nusu wanasema mgeni anaambiwa aondoke haraka, nusu wanasema anarahisishiwa safari. Kesho saa mbili tunawauliza wenyewe.