Walimu wa Kifaransa, mtatutesa hadi lini na haya madude ya -asse, -isse, -usse?

Wakuu,

Kuna mtu humu amewahi kumsikia Mfaransa, Mkongo au Mrundi akitamka « que nous aperçussions » (yaani «tuone», kwa mnyambuliko wa kizamani) akiwa amekaa zake, haigizi, hachekeshi mtu? Mmoja tu ajitokeze. Maana mimi nimekatwa alama kwa neno hilo, na ada ya darasa nimelipa kwa jasho langu.

Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, hapa Dar. Wateja wangu wengi ni wa Lubumbashi na Kolwezi. Mzigo unashuka hapa, unapita Tunduma, unakatiza Zambia, unaingilia Kasumbalesa. Kwa mdomo tunaelewana kwa Kiswahili, chao na changu. Ila makaratasi ni Kifaransa kitupu: ankara, barua za benki, malalamiko ya mteja ambaye kontena lake limechelewa. Nikasema ngoja nisome, nifike ngazi ya B2 (ya mtu anayejitegemea kwa lugha), niweze kuandika barua isiyonitia aibu. Basi. Sikuomba zaidi ya hapo.

Mwalimu akatuletea jedwali. Vitenzi upande wa kushoto, nafsi sita juu, kichwa chake: imparfait du subjonctif, yaani ile namna ya kitenzi ya «nataka aje», ikiwekwa kwenye wakati uliopita. Jazeni. Hakuna sentensi hata moja ya mfano, hatukuambiwa nani anayesema hivyo, wapi wala lini. Jazeni tu.

Kwa ambao hamjakutana na huyu mnyama, utaratibu ni huu. Unachukua kwanza wakati mwingine uliopita, passé simple, nafsi ya pili umoja: tu parlas, tu finis, tu reçus, tu vins. Unapachika -se. Unapata que je parlasse, que je finisse, que je reçusse, que je vinsse. Nafsi ya tatu umoja ndiyo inayogoma kufuata wenzake. Inavaa kofia (alama ^ juu ya irabu) na kuishia na t: qu'il parlât, qu'il reçût, qu'il vînt. Ukitazama juujuu utasema mbona rahisi. Shida ni kwamba hiyo passé simple yenyewe haisemwi! Katika mazungumzo watu wanatumia wakati uliopita mwingine, passé composé, ile nyingine imebaki kwenye riwaya na vitabu vya historia. Yaani ili ujue kitu kisichosemwa, unakariri kwanza kitu kingine kisichosemwa. Naître, kuzaliwa, inakupa naquis, kisha naquisse. Vivre, kuishi, inakupa vécus, kisha vécusse. Coudre, kushona nguo tu, cousisse. Fundi gani wa Kinshasa anaongea hivyo na mteja wake?

Halafu kuna savoir, kujua. Nafsi ya kwanza ni que je susse, na kwa sikio haina tofauti yoyote na kitenzi cha kunyonya. Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu akakasirika, akatuuliza kama tuko kidato cha kwanza. Mwalimu, Wafaransa wenyewe wanacheka! Wana msemo wao wa utani, « encore eût-il fallu que je le susse », mtu anautoa akiulizwa kwa nini hakufanya jambo fulani. Maana yake, ingebidi kwanza niwe najua. Anausema kwa sauti ya kujifanya bwana mkubwa, watu wanacheka, maisha yanaendelea. Kwenye midomo ya watu wa leo, mnyambuliko huu unaishi kwa mizaha ya namna hiyo na kwa misemo michache iliyoganda.

Imla ndiyo iliyonifanya nitake kutoka nje. Il fut ya passé simple na qu'il fût ya subjonctif zinatamkwa sawasawa. Il eut na qu'il eût, sawasawa. Il vint na qu'il vînt, vilevile. Kofia haina sauti. Ni kaburi la s ya zamani, enzi walipoandika fust. Kwa hiyo msikilizaji anatofautisha kwa kutazama sentensi nzima, na hilo nalikubali, ni zoezi zuri la akili. Lakini mwalimu alisoma neno mojamoja! Maneno matupu, bila sentensi, halafu anapita katikati ya madawati kukagua nani kaweka kofia na nani hakuweka. Ungejuaje?

Na sasa finir, kumaliza, ambayo ndiyo iliyonifungulisha uzi huu. Swali lilikuwa: « que nous finissions » ni wakati gani? Nikaandika présent du subjonctif, ya wakati uliopo. Akapiga mkasi, jibu lake ni imparfait. Wakuu, fungueni jedwali lolote la vitenzi mlilonalo. Kwa vitenzi vya kundi la pili, wenzake finir, nafsi tano kati ya sita zinafanana herufi kwa herufi katika subjonctif zote mbili. Tofauti iko kwenye qu'il finisse na qu'il finît peke yake. Na ukiondoa hiyo que, nous finissions ni imparfait ya kawaida kabisa ya indicatif, namna ya kueleza tu jambo lilivyokuwa. Nikamwonyesha kwa kidole. Akajibu, « mada ya leo ni imparfait, ulipaswa kuelewa ». Kwa hiyo mtihani ulikuwa wa kusoma mawazo yake, si wa Kifaransa.

Mtaniambia sheria ni sheria. Sheria ya nani? Serikali ya Ufaransa ililegeza kamba zaidi ya karne moja iliyopita. Tarehe 26 Februari 1901 waziri wa elimu, Georges Leygues, alitoa amri kwa ajili ya mitihani: kitenzi kikuu kikiwa kwenye conditionnel (-nge- yetu), mtahiniwa akaandika il faudrait qu'il vienne, ingebidi aje, badala ya qu'il vînt, asihesabiwe kosa. Tarehe 28 Desemba 1976, chini ya waziri René Haby, ikatoka amri nyingine iliyovumilia hata j'avais souhaité qu'il vienne, nilikuwa nimetamani aje. Mtoto wa Paris anasamehewa tangu enzi za babu wa babu yangu. Mimi wa Mbagala nisamehewe na nani?

(Marekebisho ya tahajia ya 1990 yaliruhusu watu wavue kofia juu ya i na u katika maneno mengi, lakini miishio hii ya vitenzi ikaachiwa ya kwake. Sababu naielewa, bila kofia fut na fût zingechanganyika hata kwenye karatasi. Ila inauma.)

Kinachonichoma kuliko vyote ni kwamba sisi Waswahili tungeweza kuielewa subjonctif kwa haraka sana, kwa sababu kitu hicho tunacho. Nataka aje. Nilitaka aje. Ningetaka aje. Ile -e ya mwishoni haiulizi kitenzi cha mbele kiko jana au kesho. Na Kifaransa kinachoongewa leo kinafanya hivyohivyo: je veux qu'il vienne, je voulais qu'il vienne, je voudrais qu'il vienne. Vienne, vienne, vienne! Hiyo kanuni ya kwamba voulais lazima ivute vînt imebaki adabu ya maandishi ya kale na ya wachache wanaopenda kuonekana wamesoma. Mwalimu angeanzia kwenye aje yetu, somo lingeisha mapema, tukaingia kwenye yanayosumbua kweli. Kwa nini espérer (kutumaini) haitaki subjonctif wakati souhaiter (kutamani) inaitaka? Kwa nini avant que (kabla) inaitaka na après que (baada), kwa kanuni, haiitaki? Hayo nikikosea kwenye barua, mteja ataona. Hiyo aperçussions nikiiandika sawasawa, ndipo atakaposhtuka na kuuliza nimepatwa na nini.

Nani kasema isifundishwe kabisa? Ifundishwe kwa kutambua. Magazetini utakuta ne fût-ce que (japo tu), utakuta dût-il (hata ikimbidi), na ukisoma riwaya za zamani utakutana na eût kila ukurasa. Kwa hiyo tupeni nafsi ya tatu umoja: fût, eût, pût, fît, vînt, dût. Tukiziona tuzijue, tusonge mbele. Hizo -assions na -assiez hata waandishi wanazikwepa, na sikio la Mfaransa lina sababu zake, maana -asse kwake ni mkia wa dharau, kama kwenye paperasse, yale makaratasi ya usumbufu ambayo mimi ndiyo ajira yangu.

Na mtihani wenyewe tunaoandaliwa, DELF B2, ule wa cheti cha Kifaransa, una sehemu nne za alama 25 kila moja: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuongea. Ukipata 50 kati ya 100 bila kushuka chini ya 5 kwenye sehemu yoyote, umefaulu. Sehemu ya kujaza jedwali haipo. Haipo! Sasa vipindi vyetu vimeliwa na nini?

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu.

Aliyeandika « kama huwezi acha, lugha si ya kila mtu », jedwali nimelijaza lote, ndugu, na kofia zake zote. Malalamiko yangu ni kwamba bado siwezi kumwandikia mteja kuwa kontena lake limezuiwa.

Kaka aliyesema Wahispania wanayo na hawalalamiki, uko sahihi, na umenisaidia hoja. Quería que viniera, nilitaka aje, inasemwa sokoni, inasemwa na watoto. Waitaliano nao wana volevo che venisse, maana ileile. Kwao iko hai, lazima mwanafunzi aijue na aiseme. Kwa Mfaransa hai haipo, kwa hiyo msinifundishe Kifaransa kwa ratiba ya Kihispania.

Dada wa Bukavu, asante sana. Amesema aliikariri yote akiwa sekondari, alipigiwa makofi, na tangu hapo hajaitumia zaidi ya pale anapowasaidia wanawe kazi za shule. Na huyo kasoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza!

Mwanangu mmoja kaniuliza kwa nini nisibadilishe darasa. Ada hairudishwi, mzee.

Mods, msiuhamishie uzi huu jukwaa la utani, niko serious. Na mwenye mifano halisi ya barua za biashara kwa Kifaransa, hasa ya kumjibu mteja anayedai fidia ya ucheleweshaji, anitumie PM kabla ya Jumatatu. Kuna mzee wa Kolwezi ananisubiri, na barua yake ya mwisho haikuwa ya kirafiki.