Watoto wa kike kupambwa kama watu wazima: tupeane uzoefu (Bukavu)

Mama wa Nguba
Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo linalonisumbua moyo kila msimu wa harusi unapofika hapa Bukavu. Siku hizi wasichana wa miaka tisa au kumi wanaomsindikiza bibi arusi huingia ukumbini wakiwa wamepakwa poda nyeupe kuliko shingo zao, wamebandikwa kope za bandia, midomo imekolezwa ruji, nao wanatembea kwa taabu juu ya visigino virefu huku wakubwa wakipiga vigelegele. Katika harusi moja ya ukoo wetu nilimsikia mjomba akisema juu ya mtoto ambaye hata meno ya ukubwani hayajatimia: "Huyu ng'ombe zake ziko njiani." Watu walicheka. Mtoto aliinamisha kichwa, kisha akatabasamu jinsi alivyoona dada zake wakubwa wakitabasamu. Naamini shinikizo hili linaanzia kwetu sisi tunaowapamba na kuwasifu. Nawaomba mliolea, mnaofundisha, mnaosuka, nanyi mabinti wenyewe, mseme mliyoyaona, na tusiwatukane watoto.

Msusi wa Kadutu
Asante, Mama, kwa kulileta jambo hili. Nina saluni karibu na soko la Kadutu, na ninayaona haya hasa mwezi wa Desemba na mwisho wa mwaka wa shule, akina mama wanapowaleta mabinti kwa ajili ya sherehe. Aliletwa mmoja wa darasa la tano, mama yake akataka abandikwe kope. Gundi ilipomgusa macho yalianza kuchuruzika machozi. Alikuwa akipepesa na kushika ukingo wa kiti, akauliza kama ninaweza kuzitoa. Mama yake akamjibu: "Tulia, kwani unataka uonekane mtoto?" Maneno hayo yalinikaa, kwa sababu aliyeambiwa alikuwa mtoto kweli. Nilizitoa, nikamwosha macho kwa maji safi, wala sikudai malipo.

Tangu siku ile sibandiki kope kwa mtoto wa shule ya msingi, wala simpaki dawa ya kulainisha nywele, ambayo huweza kuunguza ngozi ya kichwa hata kwa mtu mzima. Rasta namsuka, lakini bila kuvuta, maana nywele za pembeni mwa uso zikivutwa miaka mingi hung'oka na pengine hazioti tena. Baadhi ya wateja wamenihama na mwenye nyumba hasubiri kodi yake, lakini sijabadili.

Mwalimu wa Bagira
Shuleni sare ya bluu na nyeupe inatusaidia kwa kiasi, kwa kuwa ruji na kucha za rangi huonekana mara moja. Kisichozuilika langoni ni pomadi ya kujichubua. Ninao wasichana wa miaka 13 na 14 ambao nyuso zao zimekuwa nyekundu ilhali masikio na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Wanataka sura wanayoiona kwenye simu, ambako programu huisafisha ngozi na kuupunguza upana wa pua kabla picha haijatumwa. Mwezi wa Novemba 2024 TikTok ilitangaza kwamba itawawekea mipaka walio chini ya miaka 18 katika kutumia vichujio vya kubadili sura, lakini wanafunzi wangu wengi hutumia simu na akaunti ya mzazi, kwa hiyo mpaka huo hauwafikii. Ningependa wazazi wafahamu hilo.

Mama wa Panzi
Binti yangu amekuwa akipaka kwa siri pomadi ya shangazi yake. Je, nimwachishe mara moja?

Muuguzi mstaafu
Dada, kwanza uichukue chupa au boksi lake, uende nalo kwa daktari. Baadhi ya pomadi hizi zina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huweza kuifanya ngozi iwe na madoa meusi yasiyotoka. Nyingine zina zebaki, inayodhuru figo. Nyingine zina dawa kali za jamii ya kotizoni, ambazo huifanya ngozi kuwa nyembamba. Ikiwa ina zebaki, aache leo hii, na taulo lake lisitumiwe na wengine nyumbani. Ikiwa ni kotizoni na ameitumia kwa muda, kuiacha ghafla huweza kuleta uwekundu na mwasho mkali, naye akiona hivyo atairudia kwa kuogopa. Ndiyo maana daktari amwongoze.

Binti wa Ibanda
Mimi nina miaka 19 na naomba niseme kama mtoto wenu. Nilipokuwa na miaka 14, baba aliikuta ruji na poda katika mkoba wangu wa shule. Aliniita malaya mbele ya wadogo zangu, akavitupa chooni. Hakuna aliyeuliza nimevipata wapi. Aliyenipa ni mwanamume mwenye duka, rika la baba yangu, ambaye kila mara alinisifu kwamba nikijipamba ninaonekana msichana mkubwa. Kwa kuwa nyumbani nilikwisha kuitwa jina lile, niliona siwezi tena kumwambia mtu alipoanza kudai kwamba nimfuate. Nilimwambia yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, naye akaenda kumkabili mwanamume huyo.

Mama wa Nguba
Pole sana, mwanangu, na asante kwa kutuamini. Nataka wote tukumbuke kwamba Sheria ya kulinda mtoto ya mwaka 2009 katika nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Ruji haimwongezei mtoto umri, wala mtu asiseme kwamba alidhani ni mkubwa kwa jinsi alivyopambwa. Yule mwenye duka ndiye aliyepaswa kuulizwa.

Baba wa Nyawera
Nimesoma na nimeumia, kwa sababu na mimi nina binti wa miaka 13, na ruji kwa umri huo siikubali hata kidogo, hapo sitabadilika. Lakini nakuuliza kwa heshima, binti yetu: siku ile ulitamani baba yako afanye nini?

Binti wa Ibanda
Papa, hata angeninyang'anya nisingekasirika sana. Nilitamani aniite chumbani, wadogo zangu wasisikie, aniulize nani amenipa, kisha asubiri nijibu, hata kama ningechelewa kujibu.