Penseli, mkaa au peni: kipi kianze kwa wanaojifunza kutia vivuli?

pwani_ya_shangani
Wadau, habari za jioni. Swali ni la kundi la vijana hapa Mtwara wanaojifunza kuchora vitu vilivyo mbele ya macho yao: sufuria, kikombe cha bati, kifuu cha nazi, chungu. Hatunakili picha za simu. Umbo wanalipata, ila kivuli kinawashinda, kila kitu kinatoka bapa na kijivu kimoja. Tunapima njia tatu: penseli, mkaa wa vijiti, au peni nyeusi ya kawaida. Fungu linatosha njia moja tu. Ipi ianze, na kwa nini?

fundi_picha_lindi
Mkaa, mkuu. Anayeanza na penseli huogopa giza. HB, ile penseli ya kawaida ya shuleni, hata ukiikandamiza haifiki kwenye weusi wenyewe, inachimba karatasi na kuacha mng'ao. Matokeo yake picha nzima inaishi kati ya nyeupe na kijivu cha kati, na ubapa unaousema chanzo chake ni hicho. Mkaa unatoa weusi tangu mguso wa kwanza, na ukikosea unapangusa kwa kitambaa kikavu. Tena ukiulaza ubavu unajaza eneo pana kwa mara moja, kwa hiyo kijana anaona mapande ya giza na mwanga kabla hajaanza kuhangaika na mistari.

Na hauna haja ya kununuliwa. Chukua vijiti vikavu vya mti laini usio na utomvu, unene wa penseli, menya maganda. Vipange vibanane kwenye kopo la bati lenye mfuniko, toboa tundu moja dogo la msumari juu, kisha weka kopo katikati ya moto. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma kabisa, ondoa kopo na uliache lipoe lenyewe. Ukifungua likiwa la moto hewa inaingia na vijiti vinageuka majivu. Kijiti kikiacha alama ya kahawia hakijaiva, kirudishe. Mkaa wa jikoni usitumie, una chembe ngumu zinazokwaruza karatasi.

Karatasi ya fotokopi ni laini mno, vumbi halishiki. Tumia kaki. Rangi yake inakuwa kivuli cha kati, mkaa unabeba giza, na chaki nyeupe inaweka mwanga sehemu mbili tatu tu.

dada_wa_mikindani
Kaka, kuhusu woga wa giza nakubali kabisa. Ila kwa vyombo vidogo mezani nasimama na penseli. Ukingo wa kikombe cha bati una unene wa milimita chache, na mkaa unaufuta. Seti nzima haihitajiki: 2B na 6B zinatosha, ni laini na nyeusi kuliko HB, na 6B ndiyo nyeusi zaidi. HB iache, ndiyo inayowafungia kwenye kijivu.

Wachonge kwa wembe, risasi itokeze kama sentimita 1, wamalizie kwenye msasa laini. Penseli ishikwe kwa ubavu. Kabla ya chombo chochote, wachore visanduku 5: cha kwanza karatasi tupu, cha tano weusi wa mwisho wa 6B, kisha vitatu vya kati kwa hatua zilizo sawa. Giza lijengwe kwa tabaka nyepesi zinazobadilisha mwelekeo, 2B chini na 6B juu yake. Ukikandamiza mara moja, karatasi inabonyea na tabaka linalofuata halishiki.

Kidole kisitumike kulainisha. Mafuta yake yanaacha madoa ambayo raba haitoi. Sokota karatasi ya tishu, na uifikie tabaka zikishakamilika, maana ikitumika mapema inazalisha ukungu.

Jambo moja la huku pwani: msimu wa mvua karatasi inanyonya unyevu hewani, inakuwa tepetepe, na raba inang'oa nyuzi zake. Ihifadhini kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, na chini ya mkono iwepo karatasi nyingine ya kuzuia jasho.

peni_na_karatasi
Naitetea peni, ingawa si kwa kuanzia. Haifutiki, kwa hiyo mchoraji anatazama kabla ya kugusa. Kivuli kinatokana na mistari sambamba, kisha ya pili inayoikata, kisha ya tatu. Wino hujikusanya kwenye ncha na kudondosha matone, kwa hiyo ifutwe kwenye tambara kila baada ya muda mfupi. Kasoro mbili kubwa: eneo pana la giza linakula muda mrefu, na wino huo unafifia picha ikitundikwa juani.

fundi_picha_lindi
Dada, kwa ukingo wa kikombe umenishinda. Lakini hakuna kifaa kitakachosaidia kama mwanga unatoka pande mbili. Fungeni dirisha moja. Huku kwetu, karibu nyuzi 10 kusini ya ikweta, kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Septemba jua linapita upande wa kaskazini, hivyo dirisha la kusini linatoa mwanga tulivu kutwa. Novemba hadi Januari ni kinyume, tumieni la kaskazini. Jua likiingia moja kwa moja, kivuli kilichoangukia mezani kinahama mkiwa bado mnachora. Kizungushieni mpaka mapema, msikifuate.

dada_wa_mikindani
Sahihi. Na wafumbe macho nusu: maelezo madogo yanapotea, yanabaki mapande ya giza na mwanga.

Pale upande wa kivuli unapokaribia meza, mwanga wa meza unarudi na kugusa chombo. Wengi wakiuona wanaupaka mweupe, na chombo kinakuwa na taa mbili. Mwanga huo ni wa kivulini bado, uwe na giza kuliko sehemu yoyote iliyo upande wa mwanga. Weusi wa mwisho uwekwe pale chombo kinapogusa meza, mstari mwembamba tu. Usipowekwa, chombo kinaelea.

Sufuria ina mtego wake: ukiitazama kwa juu kidogo, tako limepinda zaidi ya mdomo. Wakilichora kama mstari ulionyooka, hakuna kivuli kitakachoiokoa.

pwani_ya_shangani
Asanteni sana. Basi tunaweza kupanga mkaa wa kutengeneza wenyewe, halafu fungu lote liende kwenye penseli na karatasi. Vitu tuvipange vipi? Na mkaa unazuiwaje usipukutike?

fundi_picha_lindi
Mpango mzuri huo. Mkaa na kaki kwa mazoezi ya mwanzo, kisha 2B na 6B. Kuzuia vumbi, spreyi ya nywele inafaa kwa mazoezi: simama sentimita 30 hadi 40, tabaka jepesi, ikauke, rudia. Ukiisogelea inaloanisha na kuacha madoa. Kwa picha ya kuuza isitumike, inageuza karatasi kuwa ya njano kadiri miaka inavyokwenda.

dada_wa_mikindani
Anzeni na yai na korosho isiyobanguliwa, hazina mng'ao na mikunjo yake ni rahisi kuisoma. Kisha chungu, kifuu, ndipo sufuria ya alumini, ambayo giza na mwanga wake vinakatana ghafla bila kufifia. Kinyago cha mpingo kiwe cha mwisho. Mwili wake wote ni sanduku la 4 na la 5, na umbo linasomeka kwa vipande vichache vya mng'ao. Hapo ndipo 6B itakapohitajika kweli, kwa hiyo nunueni 6B mbili kwa kila 2B moja.