Pune, Wuhan au Istanbul: mdogo wangu aende kusoma wapi?

Dada wa Tabata
Habari za leo wakuu. Naomba msaada kwa mliowahi kuishi huko, maana vipeperushi vya mawakala nimevisoma na vyote vinasema mji ni mzuri na watu ni wakarimu.

Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PCM, matokeo ni mazuri, anataka uhandisi wa kompyuta. Mkononi tuna barua mbili. Ya kwanza ni ya chuo kimoja Pune, India. Masomo ni kwa Kiingereza, ada tunalipa wenyewe, mjomba kasema atabeba nusu. Ya pili ni Wuhan, China, kwa ufadhili wa serikali yao: ada, bweni na posho ya yuan 2,500 kwa mwezi, ila mwaka wa kwanza wote ni kusoma Kichina. Mwenyewe moyo wake uko Istanbul, lakini maombi ya ufadhili wa Uturuki huwa yanafunguliwa Januari, kwa hiyo itabidi akae nyumbani mwaka mzima bila uhakika.

Hesabu za pesa tumeshapiga. Ninachouliza ni maisha. Huyu kijana ni mkimya sana. Akiumwa hasemi, unajua kwa kuona sahani imebaki na chakula. Huko nani ataiona hiyo sahani? Niambieni mlichopenda na mlichochukia, msinipambie.

Ngosha wa Pune
Dada, nimekaa Pune miaka minne, nimerudi 2019. Nilichopenda ni kingi. Siku ya kwanza natoka getini nikakuta bajaji zimejipanga kama Buguruni sokoni. Kumbe ndiko kwao, kampuni ya Bajaj ina makao yake makuu Pune. Wakitaja ada kwa laki huhitaji mkalimani, laki yao ndiyo laki yetu. Chapati, dengu, sambusa, vyote utavikuta. Mtaani wanaongea Kimarathi na Kihindi, na ukimsalimia mwenye duka kwa Kimarathi, hata maneno mawili tu, kesho yake anakukopesha maziwa.

Nilichochukia ni kutafuta chumba. Kwenye simu chumba kipo, nikifika mlangoni kimeshachukuliwa. Mama mmoja alifungua, akanitazama kuanzia usoni mpaka viatuni, akaufunga mlango taratibu bila neno. Nilisimama kwenye ngazi na begi langu mpaka taa ya ukutani ikazimika. Hiyo siku siisahau. Kwa hiyo mwambie mwaka wa kwanza akae hosteli ya chuo, asikubali kupangiwa nje.

Halafu viza ya mwanafunzi hairuhusu kufanya kazi. Mjomba akichelewa kutuma, hakuna kibarua cha kujishikiza. Na akifika ajiandikishe kwa watu wa uhamiaji ndani ya siku 14, asingoje kukumbushwa. Mvua ni Juni mpaka Septemba, viatu vinaota ukungu kabatini.

Kuhusu ukimya wake usihofu. Watanzania ni wengi, kila Jumapili kuna chumba kinapikwa ugali wa suji na mchicha. Atafuatwa hata kama hajaita mtu.

Jirani wa Makerere
Mbona mnaruka mbali hivyo? Kampala kuna Makerere, chuo cha tangu 1922, na basi linatoka hapa hapa Dar. Akiumwa, kesho kutwa umefika.

Bintimzizima
Wuhan nimeishi mimi. Najua mkisikia jina hilo mnawaza korona, basi nianzie hapo hapo. Nilikuwa bwenini mji ulipofungwa, Januari 23, 2020, mpaka Aprili 8. Siku 76. Chakula tulikuwa tunaachiwa mlangoni. Mama yangu alikuwa anapiga kutoka Mbagala saa nne usiku akishamaliza kazi zake, kwangu ni saa tisa usiku, na nilikuwa napokea kila siku kwa sababu na mimi usingizi sikuwa nao. Chumba cha pili alikuwepo dada kutoka Kazakhstan ambaye kabla ya hapo tulikuwa tunasalimiana tu. Tukawa tunagongeana ukuta kila jioni. Mpaka leo namtumia salamu za sikukuu.

Sasa mji wenyewe. Baridi ya Wuhan ni ya unyevunyevu, na nyumba nyingi hazina mfumo wa kupasha joto kama za kaskazini kwao. Unafua Jumatatu, Alhamisi bado unaipapasa nguo kama imekauka. Kiangazi ni joto la kukutoa jasho umekaa. WhatsApp haifunguki bila VPN, ile programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, kwa hiyo kabla hajapanda ndege familia nzima iweke WeChat, na mama afundishwe kuitumia. Watu watampiga picha kwenye basi bila kumuomba. Mimi ilikuwa inaniumiza, sikuwahi kuizoea.

Nilichopenda zaidi ni ule mwaka wa lugha, ambao naona ninyi mnauhesabu kama hasara. Mwalimu wetu alikuwa anatutuma sokoni na orodha ya vitu, marufuku kuonyesha kwa kidole. Mkimya wetu hapo ataongea tu, hana pa kukwepea. Mwezi wa tatu miti ya cheri inachanua pale Chuo Kikuu cha Wuhan na mji mzima unakuja kuangalia. Na kama anakula halali, kuna migahawa ya tambi za Lanzhou ya Waislamu wa kule kule, kibao kina maandishi ya Kiarabu.

Ukimya wa tabia na ukimya wa kutojua lugha ni vitu viwili. Wa pili unaisha. Ila miezi minne ya mwanzo ni migumu kweli, sitakudanganya.

Pantoni la Asubuhi
Istanbul, miaka mitano. Dada, huo mji unaingia rohoni. Nilikuwa naishi Kadıköy, upande wa Asia, nasoma upande wa Ulaya. Kila asubuhi navuka na feri, chai ipo kwenye bilauri ndogo inayochoma vidole, shakwe wanafuata nyuma watu wanawarushia vipande vya mkate. Mimi ni mtoto wa Kigamboni, kwa hiyo niliposhika ile reli ya feri mara ya kwanza machozi yalinitoka. Saa zao na zetu ni moja, simu nyumbani unapiga bila hesabu. Dakika ni dakika, kitabu ni kitap, kalamu ni kalem, habari ni haber. "Merhaba" utaisikia kila mahali, ila kwao ndiyo salamu ya kuanzia, unajibu vile vile merhaba. Sarufi ndiyo kazi. Kitenzi kinakuja mwisho na mkia mrefu.

Ubaya ni lira, pesa yao, inashuka thamani. Kila nikirudi likizo nakuta kodi imepanda. Na kwenye ufadhili, mji unafuata chuo kitakachokupokea. Mwenzangu mmoja alilala akiota Bosphorus, ile bahari ya feri, akapelekwa Erzurum, theluji mpaka magotini. Kwa hiyo naupenda ule mji kuliko mtu yeyote hapa, lakini barua ya Wuhan yenye posho nisingeiacha. Istanbul ataiomba kwa shahada ya pili.

Mwalimu Ukonga
Kabla hamjalipa hata senti, hakikisheni TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wanakitambua hicho chuo. Mpwa wangu alipelekwa na wakala mmoja wa hapa mjini, tukauza kiwanja. Karudi na cheti, mwaka mzima wa kuzunguka ofisini. Vyeti vya kuzaliwa vihakikiwe RITA sasa hivi, msingoje wiki ya safari.

Dada wa Tabata
Asanteni sana, kweli mmenipa moyo. Jana usiku nilimsomea majibu yote tukiwa barazani, umeme umekatika. Mjomba naye kasema huwa anaenda Guangzhou kuchukua mzigo wa Kariakoo, na kutoka Wuhan ni kama saa nne kwa treni ya mwendo kasi, kwa hiyo anaweza kumwona mara mbili kwa mwaka. Hilo hatukuwa tumelifikiria kabisa.

Mwenyewe alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza kitu kimoja: huyo dada na mwenzake, ukuta walikuwa wanagonga vipi? Bintimzizima, naomba unijibie hilo.

Bintimzizima
Mara tatu ni "upo?" Mara mbili ni "nipo." Ukigonga tatu ukajibiwa mara moja tu, ujue hajala, unamwekea uji mlangoni. Mwambie abebe soksi nzito jozi sita, na anitafute kabla ya kukata tiketi.