Mgeni ana jioni tatu Unguja: umpeleke kula Mji Mkongwe au Ng'ambo?

MwanaKikwajuni

Assalaam alaykum nyote. Ami yangu anakuja kutoka Maskati baada ya miaka 11, yeye, mkewe na vijana wao wawili ambao Unguja hawajawahi kuiona. Wana jioni tatu kabla ya kuvuka kwenda Pemba. Mchana watakula nyumbani, katika hilo mama hataki mjadala. Jioni ndiyo wanataka kutoka, na kazi ya kuwaongoza nimepewa mimi.

Nimekulia Kikwajuni na sasa nakaa Fuoni, kwa hivyo nala pande zote mbili. Niseme wazi tangu mwanzo: kwa hiki chakula chetu cha kila siku, Ng'ambo, yaani mitaa iliyopakana na Mji Mkongwe, na mitaa ya nje zaidi imeupita Mji Mkongwe. Mjini naona kumebakia biriani ya mchana, juisi ya miwa na upepo wa bahari. Anayepika Fuoni anajua kesho utarudi. Tui likimkatikia leo, kesho huendi, na keshokutwa jirani yako haendi. Anayempikia mtu wa kupita hana wa kumkemea.

Chukueni urojo, bakuli letu la rojo chachu lenye bajia na kachori. Wiki iliyopita nimekula mabakuli mawili siku moja, makusudi, nipate kulinganisha. La kwanza nililila mjini, pahala penye picha ya bakuli ukutani na bei mara mbili. Rojo zito, la manjano ya kung'ara, na ukali wake wote ni wa ndimu iliyokamuliwa juu dakika ya mwisho. Nikaliacha kidogo lipoe: likafanya utando juu kama uji. Hapo ujue unga umefanya kazi ya embe. La pili Jang'ombe, kwa mama mmoja anayetoa meza yake baada ya alasiri. Rojo jepesi linateleza kwenye kijiko, na uchachu unatoka ndani kwa sababu embe bichi limechemkia humo humo. Kachori anaipasua kwa kidole gumba ndani ya bakuli ili rojo liingie. Bajia anazitia mwisho zisilowe, chatne ya nazi kijiko kimoja, na chipsi za muhogo juu kabisa, zinalia ukizitafuna. Nililiinua bakuli nikanywa kilichobaki chini.

Sasa niambieni, jioni zote tatu nizimalizie nje ya mji, au kuna ninachokikosea?

Mzee wa Vuga

Wa alaykum salaam mwanangu. Umesema kweli nusu.

Mji Mkongwe bado una wenyewe. Watu wanazaliwa humu, wanaozwa humu, na wanakula humu. Mimi baada ya alasiri nakaa barazani na kahawa chungu na kipande cha kashata, na ninawaona watu wanaotoka maofisini wakisimama Vuga kula urojo kabla ya kupanda gari za kurudi kwao Ng'ambo. Wale si watalii. Na mpishi wao naye anajua kesho watarudi.

Forodhani usiwanyime. Bustani ile ilitengenezwa 1936 kwa jubilii ya Sultan Khalifa, ikafanyiwa matengenezo makubwa yaliyomalizika 2009, na muda wote huo watu wa hapa wamekuwa wakienda kupunga upepo. Ami yako bila shaka ana kumbukumbu zake pale. Ila kuna namna ya kwenda. Nenda baada ya magharibi, siku ya katikati ya wiki. Usianze na samaki aliyekwisha pangwa juu ya meza. Angalia kwanza makaa: kama yamekufa, basi kilicho juu yake kimechomwa zamani na kitapashwa moto tu. Chagua kibichi, kichomwe ukiwa umesimama, na bei mwelewane kabla hakijagusa moto. Kisha wachukue wageni wako wakakae karibu na ukuta wa bahari na bilauri ya miwa iliyosagwa na tangawizi na ndimu.

Na kama wakitaka kukaa mezani wale wali, kuna Lukmaan pale Mkunazini karibu na mbuyu. Mzanzibari na mgeni wanapanga foleni moja, wanaonyesha kwa kidole wanachokitaka.

Mpishi wa Arusi

Nimepika majungu ya arusi kwa muda mrefu, nami nichangie.

Kuhusu urojo, MwanaKikwajuni uko sawa, ila utando si ushahidi peke yake. Unga wa ngano lazima ukorogwe kwanza kwa maji ya baridi, upite kwenye chujio, ndipo uingie kwenye maji yenye manjano yanayochemka, huku unakoroga bila kuondoka. Asiyesubiri akautia unga mkavu kwenye moto anapata madonge, halafu anazidisha unga kuyaficha. Kuna pia wanaotumia ukwaju pale embe zinapokuwa hazipo, na hilo si kosa. Kosa ni kukimbilia ndimu ya juu.

Biriani msiitafute usiku. Mahoteli mengi yetu yanaipika kwa ajili ya mchana. Masala yake ya mtindi, tungule, thomu na kitunguu kilichokaangwa yanapikwa peke yake, wali unapikwa peke yake, vinakutana mwisho. Ukienda saa mbili za usiku unapewa wali uliokauka na masala yaliyopashwa mara ya tatu. Kama ami yako anataka biriani ya hotelini, mwombe mama ruhusa ya mchana mmoja, umpeleke Passing Show kule Malindi kabla ya adhuhuri haijaisha.

Kitu ambacho hamjakitaja hata mmoja ni boko-boko. Mtu aliyekaa Maskati anakijua hiki chakula, kule wanacho chao cha jamii hiyo hiyo, na kwa hivyo atataka kuonja cha kwetu. Mahotelini mara nyingi hukikuti. Ngano inarowekwa usiku kucha, inapikwa na nyama kwa saa nyingi, halafu inapondwa kwa mwiko mpaka huwezi kuitenga nyama na ngano, ndipo inamiminiwa samli na kitunguu cha kukaanga. Tafuta mama anayepika kwa oda huko huko kwenu Fuoni, mwambie siku moja kabla. Hapo nje ya mji panashinda bila ya ubishi.

DalaBububu

Mishkaki na muhogo wa kuchoma wa barabara ya Bububu usiku. Nimemaliza.

Lakini kumbuka usafiri. Ukiwa na wazee na watoto usitegemee daladala za njia ya 502 kurudi usiku, zinapungua. Panga gari mapema.

BiMkubwa Fuoni

Wanaume mnazungumza ladha tu. Mimi nauliza: mke wa ami yako atakaa wapi?

Mwanangu, zile meza za Ng'ambo unazozisifia nazijua vizuri, mimi ni mteja wao. Kuna benchi moja, vijana wamelijaza, pembeni pikipiki, nyuma mtaro. Mimi nanunua naondoka. Mgeni wa heshima, mama wa watu, hukai naye pale akainamia bakuli huku wapita njia wanamtazama. Forodhani ina nafasi, ina mwanga, familia nzima inakaa pamoja na hakuna anayemsumbua. Hii nayo ni sehemu ya kula.

Ila siyatetei mahoteli ya juu ya mapaa. Mwaka jana nilimpeleka dada yangu kwenye moja, silitaji, kwa sababu alitaka kuona jua likizama. Tuliagiza wali wa nazi na mchuzi wa pweza. Tulisubiri mpaka isha ikaadhiniwa. Pweza alikuja mgumu, unamvuta kwa meno anarudi. Tui lilikuwa halina harufu ya nazi kabisa. Nikamwita kijana nikamuuliza kwa upole, mwanangu, nazi hii mmekuna leo? Akasema ni ya pakiti, mama. Nchi yenye minazi kila upande! Niliumia. Pesa ilinikera pia, lakini zaidi niliona haya mbele ya dada yangu.

Wete Kwetu

Hapo kwenye pweza mmenigusa. Pweza anapigwa kwanza mpaka alegee, halafu anachemka kwa maji yake mwenyewe, chumvi na tui baadaye. Ukimkimbiza anakukomoa.

Na mnabishana mjini na Ng'ambo kama vile safari inaishia Unguja! Wageni wanavuka kuja kwetu Pemba. Huku hoteli ni chache, chakula chetu kimo majumbani, lakini kilichopo kinatoka baharini moja kwa moja. Kisiwa Panza watu wamejiwekea utaratibu wa kuifunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa pweza wakue, kisha wanaifungua. Ukimwona pweza wa siku ile ya kufungua utaelewa kwa nini nasema hivi. Wapitishe pia Wete wanunue halua ikiwa bado ina joto, samli imeng'ara juu. Na mtaani kwetu kuna nyumba bado ina mofa, lile tanuri la udongo, wanachoma mikate ya mtama. Unaumega ungali moto, unachovya kwenye mchuzi wa samaki.

MwanaKikwajuni

BiMkubwa, nimekubali. Hilo la pa kukaa sikulifikiria kabisa, na nakuomba radhi maana mke wa ami nilimsahau katika hesabu zangu. Mzee wa Vuga, nitaufuata ushauri wa makaa. Boko-boko nimeshaulizia, jirani yangu anapika kwa oda.

MwanaKikwajuni

Ndugu zangu, nimerudi na majibu.

Jioni ya kwanza tulikwenda Forodhani, Jumanne. Nilifanya kama nilivyoelekezwa: nilipita meza nne nikitazama makaa, ya tano ndipo nilipokuta moto hai. Tulichagua changu mbichi, akachomwa mbele yetu, na hakukuwa na mzozo wa bei mwishoni kwa sababu tulielewana mwanzo. Samaki alikuwa mzuri. Mishkaki ya ng'ombe ilikuwa ya kawaida, Fuoni napata bora. Lakini ami alikaa ukutani akawaonyesha wanawe pale alipokuwa akijitupa baharini na wenzake alipokuwa mdogo, na siku ile ile kulikuwa na vijana wanaruka. Jang'ombe nisingempa hicho.

Jioni ya pili urojo. Niliufuata na vyombo vyetu vya kufunika: rojo chombo chake, bajia na kachori chombo chao, chipsi za muhogo mbali kabisa na unyevu. Tukaja kuchanganya nyumbani juu ya mkeka, kina mama wamejinafasi. Mama wa Jang'ombe aliposikia ni wa wageni alinitilia chatne ya nazi ya ziada kwenye kikopo, akakataa kuilipisha. Mdogo wa wale vijana alikula mabakuli matatu. Mkubwa alianza kwa kuchagua viazi tu, pilipili ilimshinda.

Jioni ya tatu boko-boko la jirani. Ami alionja kijiko cha kwanza akanyamaza. Kisha akamwambia mkewe kwamba la kwao huwa wanalipenda, lakini hili lina samli ya mkono wa mama yake. Mkewe hakujibu, alimwongezea sahani.

Mpishi wa Arusi, biriani hatukuwahi, mama hakutoa ruhusa ya mchana hata mmoja. Kuhusu urojo bado sijabadilika: wa Jang'ombe niliokula ni bora kuliko wowote niliokula mjini mwaka huu. Mzee wa Vuga, huo wa Vuga unaousema nitakuja kuula na wewe, uniambie siku.

Mzee wa Vuga

Alhamisi, baada ya alasiri. Njoo na njaa.

Mpishi wa Arusi

Huyo jirani yako ngano yake anaitwanga au ananunua iliyokobolewa? Muulize kwa niaba yangu.

MwanaKikwajuni

Nitamuuliza inshaallah. Wageni wanapanda boti kesho asubuhi, wanashukia Mkoani, halafu Wete. Wete Kwetu, ile mikate ya mofa inatoka saa ngapi?

Wete Kwetu

Baada ya alasiri, ila inakwisha haraka. Wakifika Chake nitumie ujumbe, nitawawekea minne.