Prost pointi 105, Senna 94, halafu bingwa Senna?

Mgeni wa Langalanga: Wakuu, naombeni ufafanuzi. Napitia msimamo wa madereva wa Formula 1 wa 1988, nakuta Alain Prost kakusanya pointi 105, Ayrton Senna 94. Wote timu ya McLaren, injini ileile ya Honda. Bingwa Senna! Pointi zilienda wapi?

Kona ya Tatu: Mkuu, ni kanuni ya wakati ule. Mbio zilikuwa 16, lakini dereva alihesabiwa matokeo yake 11 bora tu. Ushindi pointi 9, nafasi ya pili 6. Prost alishinda mara 7, akawa wa pili mara 7. Saba mara tisa 63, ongeza nafasi za pili nne, unapata 87. Zile tatu zilizobaki, pointi 18, zikala kwake. Senna kashinda mara 8, wa pili mara 3, jumla 90. Alichotupa yeye ni pointi 4 tu.

Mzee wa Breki: Hesabu sawa, haki iko wapi? Mtu kamaliza mbio 14 na hakushuka chini ya nafasi ya pili hata siku moja! Anapokonywa na kijana aliyejibamiza mwenyewe Monaco, anaongoza kwa karibu dakika nzima, hakuna anayemfukuza. Monza, Italia, nako, zimebaki raundi mbili, akagongana na dereva Schlesser akitaka kumzidi raundi. Ferrari wakaokota ya kwanza na ya pili. Ndizo mbio pekee McLaren walizokosa mwaka mzima.

Kona ya Tatu: Mzee wangu, Monaco nakuachia. Ila Prost kanuni hiyo aliijua tangu mbio za kwanza, Brazil, mwezi Aprili. Twende Suzuka, Japani, sasa. Taa zinawaka, gari la Senna linazima palepale, kainua mikono. Bahati yake pale pana mteremko: gari likaserereka, likawaka, yeye yuko nafasi ya 14. Akawapita wote, Prost akiwemo, akatwaa kombe kabla ya mbio za mwisho, Australia. Na ile nafasi ya pili ya Prost siku hiyo haikumwongezea hata pointi moja.

Mgeni wa Langalanga: Kumbe! Kanuni hiyo ipo hadi leo?

Mzee wa Breki: Ilifutwa, kuanzia 1991 matokeo yote yakahesabiwa. Muulize huyo Kona, kama ilikuwa nzuri hivyo waliifutia nini?